Barua ya wazi kwa wakuu wa aplikesheni za muziki: tunaomba shafo ya kweli

Kwa: Wakurugenzi, mameneja na wahandisi wa aplikesheni za kustrimi muziki, popote mlipo

YAH: KITUFE CHA SHAFO KINACHOCHAGUA BADALA YA KUCHANGANYA

Ndugu wakuu,

Salaam nyingi. Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mi ni mteja wa kulipia, nalipa kila mwezi kwa pesa ya simu na sidaiwi, na naandika hadharani kwa sababu huko ndani nimeshaandika mpaka nimechoka. Kastoma kea wa aplikesheni ninayotumia (jina naliacha, maana nikiwasikiliza wenzangu wanaotumia nyingine naona msiba ni uleule) kila nikiwauliza kwanini shafo (kile kitufe cha kuchanganya mpangilio wa nyimbo) inanipigia nyimbo zilezile wananijibu futa data, itoe, iweke upya, zima simu uwashe. Nafanya yote hayo, narudi palepale, isipokuwa sasa nimepoteza na nyimbo nilizokuwa nimedaunlodi, bando limeteketea kuzishusha upya, alafu nikiangalia lalamiko langu limefungwa wameandika limetatuliwa. Limetatuliwa na nani?

Ninachoomba ni kidogo sana. Nikibonyeza ile mishale miwili inayopishana, pleilisti yangu yote ichanganywe kwa bahati tupu, kila wimbo uwe na nafasi sawa na mwenzake, na usirudiwe hata mmoja mpaka zote ziishe. Basi. Mnajua kuchanga karata, zote zinakusanywa, zinachangwa, zinatolewa moja moja mpaka zinaisha, haiwezekani saba ya kopa itoke mara nne kwenye mchezo mmoja huku ree la shupaza kalikalia aliyechanga. Hicho tu ndo tunachotaka, na hiki mnachotupa sasa hivi sicho. Malalamiko yangu ni haya:

1. Shafo yenu inachagua

Chukueni pleilisti ya nyimbo 300. Ikichanganywa kwa haki, wimbo wowote utakaoutaja una nafasi moja kati ya 30 ya kuangukia kwenye kumi za mwanzo. Sasa wimbo huohuo ukiingia kumi za mwanzo siku tano mfululizo, na kila siku mmedai mmechanganya upya, hiyo ni bahati ya moja kati ya milioni 24.3. Haya nisiwaonee, tusiutaje wimbo kabla, tuseme wimbo wowote kati ya zile 300, bado ni kama moja kati ya 81,000. Kwangu mimi hiyo sio ajabu iliyotokea ikapita, ndo asubuhi za kawaida, kuna nyimbo sita saba zinapokezana kufungua dimba, na kuna nyingine nimeziweka kwa mkono wangu mwenyewe mpaka leo sijazisikia zikipigwa labda nizitafute kwa jina.

Na hizo zinazorudi zina tabia moja. Ni zile zilizovuma, au nilizoziongeza juzijuzi, au zile ambazo niliwahi kuziacha zikaisha bila kuziruka. Bahati haijui wimbo gani umevuma. Hapo kuna mtu kapima, kaweka uzito, alafu juu ya kitufe kaacha picha ya kuchanganya.

2. Foleni haina pleilisti nzima

Bonyeza shafo, fungua foleni, hesabu. Yangu mi inaonyesha nyimbo mia kasoro wakati pleilisti ina zaidi ya mara tatu ya hapo. Zilizobaki ziko wapi? Kama mnachanganya kipande semeni mnachanganya kipande.

3. Haikumbuki ilipoishia

Hili ndo kubwa kuliko yote, na watu wengi hawalioni, kwahiyo nitakaa hapa kidogo.

Tuseme kweli mmenipa mchanganyo wa haki kabisa, hamna upendeleo, hamna uzito. Mtu kapanda daladala Mbagala anaenda Posta, njiani anapata nyimbo 15, akifika anazima. Jioni akiwasha mnachanganya upya toka mwanzo yaani asubuhi haikuwepo. Kesho hivyohivyo, keshokutwa hivyohivyo. Baada ya safari 20 kapigiwa nyimbo 300, idadi kamili ya pleilisti yake, lakini nyimbo tofauti alizosikia ni kama 192 tu, na zile 108 hazijagusa sikio lake. Hiyo ni hesabu safi ya bahati, hata kabla hatujaweka yale ya namba 1. Kila mnapoanza upya mnachana ule mpangilio wa zamani, na nyimbo zilizokuwa zimepangiwa nyuma zinapoteza zamu yao, zinaenda tena kwenye kura na zile ambazo zimeshapigwa jana.

Kwahiyo hata mkiniletea cheti kwamba mchanganyo wenu ni wa haki, bila kumbukumbu haunisaidii. Bluetooth ya gari ikikatika, imeanza upya. Simu ikiishiwa chaji, imeanza upya. Mama akipiga kuuliza kama nimekula alafu aplikesheni ikafungwa huko nyuma kwa sababu simu zetu RAM zake mnazijua, imeanza upya. Nyie mnakumbuka sekunde niliyoishia kwenye podikasti ya saa mbili niliyoisikiliza mwezi uliopita! Mshindwe kukumbuka kwamba nimebakiza nyimbo 140?

Alafu kuna ile mbaya zaidi, ya kupiga kura upya kila wimbo ukiisha bila kujali zilizopita. Hapo kwenye nyimbo 300, ukifika wimbo wa 21 uwezekano kwamba kuna mmoja umesharudiwa unavuka nusu, na mpaka umepigiwa 300 kuna kama 110 hujazisikia kabisa. Hiyo nayo mtu anaweza akasema ni bahati tupu na hajadanganya, ila sio tunachoomba, tunaomba zote zipite mara moja moja kwanza.

4. Mnatenganisha wasanii msiowajua

Najua baadhi yenu mkichanganya mnatawanya nyimbo za msanii mmoja ili zisifuatane. Nia njema, sikatai. Swali langu, mnajuaje kwamba huyu ni msanii mmoja? Mnasoma jina lililoandikwa kwenye faili. Sasa karibuni kwenye muziki wetu wa dansi muone kazi. Mbaraka Mwinshehe kapiga na Morogoro Jazz, akatoka akaunda Super Volcano, mpaka Januari 1979 akafariki kwa ajali huko Mombasa. Nyimbo zake kwenye maktaba yangu nyingine ziko kwa jina lake, nyingine kwa jina la bendi ya kwanza, nyingine ya pili, na hilo jina lake lenyewe kila aliyepakia kaliandika anavyojua yeye. Kompyuta yenu hapo inaona watu wanne. Muhidini Gurumo kaimba NUTA Jazz, akahamia Mlimani Park, akaenda Orchestra Safari Sound, akarudi Msondo (ndo NUTA ileile iliyobadilishwa jina), sauti ni ileile na shabiki yeyote wa dansi anaijua hata akiwa usingizini, lakini kwenye hesabu zenu wala hayupo, zipo bendi tu, na bendi mbili tofauti zikifuatana nyie mnasema tayari tumetenganisha.

Upande wa pili wa shilingi ni yale mazilipendwa ya mkusanyiko ambayo mpakiaji kaandika "wasanii mbalimbali" toka wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho. Hao mkiwasoma mnaona ni msanii mmoja mwenye jina la Wasanii Mbalimbali, mnamtawanya pleilisti nzima, Marijani Rajab wa dansi asikae karibu na Zuhura Swaleh wa taarab eti ni mtu mmoja. Marijani na Bi Zuhura! Na taarab ndo usiseme, wimbo mmoja utaukuta kwa jina la mwimbaji, kwingine kwa jina la kikundi, kwingine kwa jina la aliyeutunga, na vikundi vyenyewe kama Ikhwani Safaa vipo toka 1905, yaani waimbaji wameingia na kutoka vizazi na vizazi chini ya jina moja.

Bahati tupu haina shida hii kwa sababu haisomi majina ya mtu. Na kama nyimbo mbili za msanii mmoja zikifuatana, zifuatane. Kwenye nyimbo 300 ukiwa na 30 za mtu mmoja, mchanganyo wa haki utazikutanisha mbili mbili kwa wastani kama mara tatu hivi pleilisti nzima. Mara tatu! Kwa hilo ndo mmetujengea mtambo wote huu?

5. Kuaminiana

Hapa nitasema kwa upole. Mwaka 2020 Spotify walitangaza mpango ambao msanii au lebo anakubali malipo ya chini ili wimbo aliouchagua upewe kipaumbele kwenye redio zao na kwenye zile nyimbo zinazoendelea zenyewe orodha ikiisha. Walisema wanaanza na huko, hawakutaja pleilisti ambazo mtu kajitengenezea mwenyewe, na mi nawapokea kwa neno lao. Ila biashara ya muziki ikishakuwa na mlango wa namna hiyo, mteja akiuliza shafo yake inapimwa kwa kitu gani sio uchokozi, ni swali la kawaida na linastahili jibu lililoandikwa.

Tena sio mteja tu. Hao hao tangu 2024 wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 hauingii kwenye mgao wa mrabaha. Piga picha kikundi kidogo cha taarab cha Tanga, wimbo wao uko kwenye pleilisti za watu 200 waliouweka kwa mapenzi yao wenyewe. Kila mmoja akipigiwa mara tano kwa mwaka, elfu hiyo imefika. Shafo ikiwa inapenda zilizovuma, yaani tumeuchagua wenyewe, tumeuhifadhi, na bado hatujaupiga, na hela yao ndo imeishia hapo.

Sasa najua mtakachosema, kwahiyo nianze kujibu kabisa tusipotezeane muda.

Mtasema watu wenyewe ndo walilalamika. Kweli, walilalamika. Enzi za iPod watu walikuwa wanasema mbona msanii mmoja anarudi rudi, na mwaka 2005 Steve Jobs wa Apple akaleta kwenye iTunes, programu yao ya muziki, kitu cha kupunguza bahati ili ionekane ni bahati zaidi. Mwaka 2014 wahandisi wa Spotify nao waliandika wazi kabisa kwamba mwanzo walikuwa na mchanganyo wa haki, watu wakaona sio wa haki, wakabadilisha wakaanza kutawanya wasanii. Nawapongeza kwa kusema. Lakini angalieni vizuri, wale walilalamikia nyimbo kufuatana, na mi nalalamikia nyimbo kutofika kabisa. Hizo ni shida mbili, na dawa ya ile ya kwanza haitibu hii, saa nyingine ndo inaizidisha. Wale wanaopenda kutawanyiwa wabaki na kitufe chao, hakuna anayewanyang'anya, sisi tuwekeeni chetu pembeni.

Mtasema akili ya binadamu inaona mpangilio hata pasipokuwepo. Hilo nalo kweli, Monte Carlo mwaka 1913 gurudumu la kamari lilitua kwenye nyeusi mara 26 mfululizo na watu wakapoteza mapesa wakingoja nyekundu kwa sababu waliona imeshafika zamu yake. Nimelisoma, nalijua. Ila wimbo ambao haujapigwa mwaka mzima sio mpangilio niliouwaza kichwani, ni wimbo haujapigwa, na rekodi mnazo nyie. Si kila mwisho wa mwaka mnatutumia picha za rangirangi za kutueleza tumesikiliza dakika ngapi na msanii gani tunampenda? Basi mwaka huu nitumieni na picha ya nyimbo nilizoziweka mwenyewe ambazo hamkunipigia hata mara moja. Nitaiposti, naahidi.

Mtasema mnatuokolea bando, ndo maana mnarudia zile ambazo simu imeshazihifadhi. Asanteni, kwa bei za bando za huku hilo nalithamini kwa moyo wote, ila nimeshadaunlodi pleilisti nzima kwa WiFi usiku, kuna bando gani la kuokoa hapo? Na kama mnafanya hivyo kwa asiyedaunlodi, mwambieni, mpeni swichi, wengi wataiwasha wenyewe.

Mtasema ni kazi ngumu. Hapana jamani, hapa tuheshimiane. Njia ya kuchanganya orodha kwa haki ilichapishwa na Ronald Fisher na Frank Yates mwaka 1938, ya kufanya kwa penseli na karatasi, na mwaka 1964 Richard Durstenfeld akachapisha ya kompyuta ambayo ni mistari michache tu. Unaanza na wimbo wa mwisho, unaubadilishana nafasi na mmoja unaoutoa kwa bahati kati ya wote mpaka hapo ulipo, unarudi nyuma mmoja, unafanya hivyohivyo. Kwa nyimbo 300 ni mabadilishano 299, simu ya bei ya chini kabisa inamaliza kabla hujatoa kidole kwenye kioo. Na kuhifadhi ule mpangilio ili msiusahau, hata ningekuwa na nyimbo 10,000, kila namba inakaa kwenye baiti mbili, jumla kilobaiti 20. Wimbo wa kilobiti 160 kwa sekunde unakula kilobaiti 20 kila sekunde (biti nane ndo baiti moja). Yaani kumbukumbu yote ninayowaomba ina ukubwa wa sekunde moja ya muziki.

Ila msifanye kwa kubahatisha, maana hata wakubwa wameanguka hapa. Mwaka 2010 Microsoft walitakiwa Ulaya wawape watu ukurasa wa kuchagua brauza (programu ya kufungulia tovuti), zile kubwa zipangwe kwa bahati ili kusiwe na upendeleo, wakatumia njia ya mkato ya kupanga, ikaja kuonekana nafasi hazigawanyiki sawa, Internet Explorer yao wenyewe ilikuwa inaangukia nafasi moja kupita kiasi, ikabidi wabadilishe. Hakuna aliyesema walikusudia, njia ya mkato tu. Kwahiyo mkitengeneza, pimeni, alafu tuonyesheni mlivyopima.

Na msiseme haiwezekani kubadilisha kitufe kilichozoeleka. Novemba 2021 mwimbaji Adele wa Uingereza aliomba albamu zisianze kwa shafo, kwamba mpangilio wa nyimbo msanii kaufikiria, na Spotify wakakiondoa pale kilipokuwa kimekaa kama chaguo la kwanza kwenye kurasa za albamu. Najua mi sio Adele. Lakini na sisi tulioko upande wa kulipa tupo wengi.

Basi maombi yangu ni haya. Kwanza wekeni kitufe kinachochanganya pleilisti yote kwa bahati tupu, wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, bila kuangalia umevuma au haujavuma, mpya au wa zamani, wa nani au wa nani. Pili mpangilio huo utunzwe mpaka uishe hata nikizima simu, nikibadilisha spika, nikihamia kwenye kompyuta, na pawe na maandishi madogo ya kuniambia zimebaki ngapi. Nikiongeza wimbo mpya katikati muuingize mahali popote kwa bahati kwenye zile zilizobaki, sio juu. Tatu msiniongezee wimbo ambao sijauweka wakati niko kwenye kitufe hicho, mkitaka kunipendekezea mna ukurasa mzima wa mbele wa kufanyia hayo. Nne, kila aina ya shafo mliyonayo iandikiwe maelezo, ikiwemo kwa Kiswahili, kwamba hii inaangalia hiki na hiki na hii haiangalii kitu. Sentensi mbili zinatosha.

Nitangoja jibu la hadharani mpaka kifurushi changu cha mwezi kitakapoisha. Likija jibu la kueleweka hata kama ni la kusema tunalifanyia kazi na litatoka lini, nitalipia tena siku hiyohiyo na nitawasema vizuri. Lisipokuja, nyimbo zangu nyingi nimeshaanza kuzinunua na kuzikusanya kwenye memori kadi, zipo pleya za bure zinazochanganya folda nzima bila kuuliza swali, na hela niliyokuwa nawapa nyie nitaipeleka kwa wasanii moja kwa moja, wapo wanaouza wenyewe kwa WhatsApp.

Wenu,

Mteja wa kulipia,
Tanga